Mchechemeo

Mkanda ulikaa saa nane ndani ya boksi la mbao lenye balbu mbili na feni ndogo, na muda wote huo fundi hakubanduka chumbani hata kwenda kunywa chai. Boksi alilitengeneza mwenyewe. Mikanda ya zamani ya sauti, ile inayozungushwa kwenye rili, ikikaa miaka mingi hunata. Ukiicheza hivyohivyo, ule unga wa kahawia unaobeba sauti unabaki kwenye mashine, na wimbo ndio umekwenda. Ukiupa joto la polepole, mkanda unakuvumilia siku chache. Unaucheza mara moja, mara mbili ukiwa na bahati, unahamishia sauti kwenye kompyuta, kisha unaushukuru na kuuweka kando.

Alikuwa amewaokolea watu wengi vitu vyao kwa njia hiyo: hotuba za harusi, kwaya, sauti za marehemu wakimwita mtoto aje kula. Lakini mkanda huu ulikuwa wa baba yake mzazi, na aliupima joto kila dakika kumi, jambo ambalo asingelikiri mbele ya mteja.

Baba mwenyewe alikuwa chumba hichohicho, kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia upande wa kulia na maneno yote. Kuelewa alielewa kila kitu, na aliyejaribu kumlaghai kwamba dawa si chungu aliliona hilo mara moja. Kusema ndiko kulikokwisha. Kilichobaki ni mkono wa kushoto na macho, na vyote viwili vilitoa amri kama zamani.

Enzi zake alipiga ngoma katika bendi ya soul na funk iliyotumbuiza kila Jumamosi mchana kwenye ukumbi mmoja mkubwa, miaka saba mfululizo. Matarumbeta manne, besi, gitaa, kinanda, na mwimbaji ambaye akianza kuomba msamaha ndani ya wimbo, hata wewe uliyemnunia mwenzio wiki nzima ulijikuta unamsogelea. Bendi ikasambaratika, ukumbi ukageuzwa ghala la simenti, suruali za kupepea zikaishia kuwa matambara ya kufutia meza. Wimbo mmoja, uliorekodiwa palepale ukumbini watu wakicheza, ukakataa kufa. Waliokuwa vijana waliufulia nguo na kuupigia pasi. Watoto wao waliusikia wakiwa bado wamebebwa mgongoni. Wajukuu waliukuta kwenye simu wakadhani wao ndio waliougundua, na ukiwaambia si wa kwao wanakutazama kwa huruma. Besi ile ikianza, kichwa kinaitikia kabla mwenye kichwa hajaamua. Fundi aliwahi kumwona askari wa barabarani akiusimamisha msururu mzima wa magari kwa mdundo wake, bila kujijua.

Ndani ya wimbo huo kulikuwa na kitu kimoja cha ajabu. Kila baada ya muda, ngoma ilichechemea. Pigo lililokuwa linakuja linachelewa, linafuatwa na jingine lililokimbizwa, kama mtu aliyekosa kidato cha ngazi, halafu mwendo unarudi sawa. Hakuna aliyejua litakuja lini. Wachezaji walilizulia mtindo: likija unakunja goti, unaburuta mguu, unacheka. Wapiga ngoma wa bendi nyingine hawakucheka. Walisema yule bwana anapanda jukwaani akiwa amelewa, wakambandika jina la Chechemea, na jina likamganda mpaka uzeeni. Yeye hakubisha hata siku moja. Bintiye, fundi huyu, ndiye aliyeona haya kwa niaba yake, tangu akiwa darasa la nne, na haya hiyo haikuwahi kumtoka kabisa.

Aliyeutaka mkanda ni mjukuu. Binti wa fundi alikuwa na miaka ishirini na miwili, mfupi, mwepesi wa kuwaka na mwepesi wa kusamehe, na kazi yake ilikuwa kuchezesha muziki kwenye sherehe. Mjini walimwita Kiberiti. Ule ukumbi wa zamani ulikuwa umesafishwa na kupakwa rangi, unafunguliwa upya Jumamosi mchana, na shughuli amepewa yeye.

"Mama, nataka ule wa Babu, lakini uwe msafi," alisema. "Na ninyooshee ngoma. Nikiuchanganya na midundo mingine, ule mchechemeo unanivurugia kila kitu. Rika langu wanataka kuruka. Hawataki kujikwaa."

"Ule ndio sahihi ya babu yako."

"Sahihi gani isiyokaa mahali pamoja? Hebu hesabu uone."

Fundi alihesabu. Dakika tisa, mara kumi na moja, bila mpango wowote. Mara mbili ilikuja ikifuatana, kisha ikapotea dakika nzima, kisha ikamkata mwimbaji katikati ya neno. Kama yangekuwa madoido, yangekuwa na mahali pake. Akakubali moyoni, kwa uchungu, kwamba huenda waliosema baba analewa walisema kweli.

Basi akafanya kazi. Alianza na uchafu: mvumo wa umeme, vikohozi, chakarachakara. Kulikuwa pia na mlio mwembamba, kwiii, wa kitu kinachopindika, uliojitokeza hapa na pale. Akadhani ni pedali ya ngoma iliyokosa mafuta. Aliitafuta milio hiyo mmoja mmoja kwenye kompyuta akaifuta, na hakuihesabu. Nani anahesabu takataka anazofagia? Alipomaliza ndipo alipoigeukia ngoma, akalisogeza kila pigo mahali lilipopaswa kuwa.

Alipoucheza kwenye spika, hata yeye ulimsisimua. Ulikwenda moja kwa moja, dakika tisa, bila kusita. Akamgeukia baba akitarajia tabasamu.

Mzee alikuwa amekodoa macho. Mkono wa kushoto uliinuka ukaanza kuupiga mkono wa kiti: pigo, pigo, kimya, kisha mawili ya haraka. Mchechemeo uleule. Akarudia. Fundi alipoinama kumfuta jasho, mzee alimkamata kifundo cha mkono akakibana mpaka kikauma, huku macho yake yakielekea darini.

"Baba, ni wimbo wako huu. Tumeusafisha tu."

Akapiga tena, pigo, pigo, kimya.

"Kaudhika tumemsahihisha," Kiberiti alisema mlangoni, akicheka. "Babu, usininunie bwana. Mimi nakupenda na makosa yako yote."

Hakuchelewa. Kabla ya jioni alishawarushia wenzake wimbo ulionyooshwa, na kufika Alhamisi ulikuwa umeshaenea mjini. Ulisikika kwenye saluni, kwenye vibanda vya kuuzia simu, kwa mafundi cherehani. Nyumbani mzee hakula vizuri. Alipiga sahani, akapiga ukingo wa kitanda, akapiga mkono wa bintiye alipokuwa anamvisha shati. Ijumaa fundi uvumilivu ukamwishia, akamwambia, kwa sauti aliyokuja kuijutia, kwamba watu wameteseka na mchechemeo wake miaka hamsini na sasa inatosha. Mzee akaushusha mkono. Chozi moja likamtoka jicho la upande wa afya, naye fundi akajifanya hakuliona.

Jumamosi mchana alimsukuma kwenye kiti chake mpaka ukumbini. Harufu ya rangi mpya ilikuwa kali, na chini yake, ukivuta pumzi vizuri, bado kulikuwa na simenti. Watu wazima walikuwa sakafuni, wengi wao wamekaa, wengine wamevaa mashati ya ujanani yaliyogoma kufunga vifungo. Juu yao ilitanda roshani moja pana, imetoka ukutani kama droo iliyovutwa, na chini yake hapakuwa na nguzo hata moja. Vijana wote walikuwa wamepanda huko. Katikati, ukingoni kabisa, ndipo ilipowekwa meza ya Kiberiti, ili kila mtu amwone. Aliwapungia mkono mama na babu yake.

Mlangoni aliketishwa mama mmoja mzee kama mgeni wa heshima, kwa sababu ndiye aliyekata tiketi pale miaka yote ya bendi. Alimshika mzee mkono kwa mikono miwili. Kisha akamwambia fundi, "Mwanangu, kaeni na mimi hapa mlangoni. Msiende kule chini ya roshani."

"Kwani kuna nini, Mama?"

"Mazoea tu. Sisi wafanyakazi hatukuwa tunakaa kule." Aliangaza macho. "Hivi hawa hawakuzirudisha nguzo?"

"Nguzo gani?"

"Zilikuwepo mbili. Mwenye ukumbi alizing'oa, zilikuwa zinawakinga watu wasione jukwaa." Alitazama juu kwa muda. "Naona wamepaka rangi. Haya. Maadamu watapiga ule wa baba yako, haina neno."

Fundi alitaka kumuuliza wimbo unahusiana vipi na nguzo, lakini besi ikaanza, na ukumbi mzima ukaitikia kwa mguno mmoja, wa juu na wa chini, wa miaka sabini na wa miaka kumi na saba. Hakuna mtu aliyesema na mwenziwe tena.

Walio juu wakaanza kuruka. Ngoma iliyonyooshwa iliwashika wote pamoja, watu mia na hamsini wakipanda kwa pumzi moja na kushuka kwa mguu mmoja. Kwa dakika mbili fundi aliona fahari. Ile ilikuwa kazi ya mikono yake, na ngoma ya baba yake, na mtoto wake mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Halafu akasikia mlio.

Kwiii.

Aliujua mlio ule. Aliufuta kwa vidole vyake, mmoja mmoja, na sasa ulikuwa hapa, haumo kwenye mkanda wala kwenye kompyuta, uko juu ya vichwa vya watu. Vumbi jeupe lilidondoka kwa mstari mwembamba kutoka mahali roshani ilipoungana na ukuta. Na bila kutaka, kwa sababu wimbo ule alikuwa nao tangu tumboni, masikio yake yakaanza kuungoja mchechemeo. Haukuja. Aliutoa yeye.

Kwiii, tena, mrefu zaidi.

Alimtazama baba. Mzee hakuwa akitazama jukwaa wala watu. Macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa roshani, pale chini ya meza ya Kiberiti, na mkono wa kushoto ulikuwa unapiga, unapiga.

Mama wa tiketi alikuwa amesimama. "Mbona mdundo hauvunjwi?" aliuliza. "Roshani ikilia tu, baba yako alikuwa anauvunja. Alikuwa anapiga akitazama juu. Walio juu wakipishana miguu, roshani inatulia."

"Niliuondoa," fundi alisema. "Nilidhani ni kosa."



Fundi alipunga mikono miwili kumwambia bintiye ashuke. Kiberiti akadhani mama yake anacheza, akampungia naye, akaruka juu zaidi. Ngazi zilikuwa zimejaa watu. Fundi akakimbilia meza ya mitambo ya sauti iliyokuwa karibu na mlango, akamsukuma kijana aliyekuwa anaisimamia, akashusha sauti yote.

Spika zikanyamaza, wimbo haukunyamaza. Watu waliuchukua mahali ulipokatikia. Wote waliujua: mabibi wakaimba matarumbeta, akina baba wakaimba besi kwa vifua vyao, na vijana juu wakaendelea kuruka kwa mwendo uleule walioukariri wiki nzima kwenye simu zao. Kiberiti, akidhani umeme umekatika, aliinua mikono juu ya kichwa akawapigia makofi ili wasipotee. Ganda la rangi lenye ukubwa wa sahani lilibanduka likaangukia kiti kitupu. Hapo ndipo fundi alipoogopa kweli. Kuzima wimbo kama ule hakukuwa mkononi mwa mtu yeyote.

Akanyakua kipaza sauti cha mshereheshaji, akakibana kwenye mkono wa kiti cha baba yake, akapandisha sauti ya kipaza hicho peke yake mpaka mwisho.

Mzee hakuharakisha. Kwanza alipiga pamoja nao, sawasawa, mpaka wakamsikia na kumfuata. Kwa muda fundi alidhani baba hakuelewa, na nusura apige ukelele. Kisha mkono ukachelewa. Kimya kidogo, halafu mawili ya haraka, yakasikika ukumbi mzima kama mtu anayebisha mlango.

Wa kwanza kuitika walikuwa mabibi wa sakafuni. Goti likakunjwa, mguu ukaburutwa, vicheko vikatoka kabla hawajajua wanacheka nini. Walio juu wakawatazama, wengine wakapotea hatua. Mzee akapiga tena. Akapiga tena, safari hii mawili yakifuatana, na juu wakaanza kugongana mabega. Mara ya nne kila mguu ukawa unashuka kwa wakati wake. Mlio ukakatika.

"Shukeni mmoja mmoja," mama wa tiketi alikuwa ameshafika chini ya ngazi, na sauti yake ya zamani ya kupanga foleni ilikuwa haijazeeka. "Piteni upande wa ukutani. Hapana kukimbia. Nimesema mmoja mmoja."

Wakashuka wakinung'unika. Mmoja alizomea. Mwingine aliuliza nani kamruhusu mzee kuharibu shughuli za watu. Mzee hakuacha kupiga; kila waliposhuka kwa kishindo kimoja, aliwavunja.

Kiberiti alibaki juu peke yake, anafungasha mashine zake kwa hasira. Fundi akamfuata juu, mgongo ukiwa ukutani.

"Shuka."

"Mama, umeniaibisha mbele ya mji mzima. Unajua nimeingoja siku hii muda gani?"

"Shuka, mwanangu."

Kwenye meza kulikuwa na chupa ya maji. Hakuna aliyeigusa. Ilianza kubiringika yenyewe, polepole, ikaelekea ukingoni, ikaanguka, na baada ya kitambo waliisikia ikigonga sakafu ya chini. Kiberiti aliitazama meza, akatazama chini ya miguu yake. Sakafu ilikuwa imeinama. Aliziacha mashine pale pale, akamshika mama yake mkono kama alivyomshika akiwa na miaka mitatu, wakatembea wakiupapasa ukuta, hatua moja baada ya nyingine, na muda wote huo ngoma ya chini haikukoma.

Ilikoma Kiberiti aliposimama mbele ya babu yake. Vifundo vya vidole vya mzee vilikuwa vimechubuka na damu imelowanisha shati. Mjukuu akapiga magoti akakiweka kile kiganja shavuni mwake.

"Mwenye ukumbi wa enzi zile aliwaapisha wanabendi," mama wa tiketi alimwambia fundi. "Atakayefungua mdomo kuhusu nguzo, bendi haipigi tena, na kwingine kote hawatapiga. Kulikuwa na watu kumi waliokula kwa bendi ile. Baba yako akaapa hatasema. Akasema kwa vijiti, kila Jumamosi. Ukumbi ulipofungwa nadhani aliona yamekwisha."

"Na wakimwita mlevi?"

"Alikuwa hanywi kabisa. Tumbo lake lilikuwa haliipokei pombe."

Fundi alilia kwa aibu, hadharani, na hakujali nani anamwona. Msimamizi wa ukumbi alikuja akiwa na tabasamu la kazi, akatazama ufa uliokuwa umepita kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, akasema ni plasta tu, na kwamba Jumamosi ijayo kuna watu wameshalipia. Mama wa tiketi akavuta kigoda chake, akakaa katikati ya mlango, akamwambia basi waje wamnyanyue.

Wakamtoa mzee nje. Jua lilikuwa bado kali. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na jengo la ghorofa tatu, chini maduka, juu madirisha yamefunguliwa wazi. Fundi alisimamisha kiti ili amfunge baba vidole kwa leso.

Besi ikaanza. Ilitoka kule juu, kwenye spika ndogo, ikifuatiwa na kelele za vijana wanaoupenda wimbo. Ngoma ikaingia, imenyooka, safi, kazi ya mikono yake. Kisha miguu. Mingi, yote pamoja.

"Umewapa watu wangapi?" aliuliza.

"Sijui, Mama," Kiberiti alisema. "Niliwatumia wenzangu, nao wakawatumia wenzao."

Mzee alikuwa ametazama juu. Mkono wake uliofungwa leso nusu ukainuka, ukaanza kupiga kiganja cha bintiye: pigo, pigo, kimya. Kiberiti alikuwa ameshaanza kukimbia kuvuka barabara.